Mwaka wa “Ni Weye”

Ngalula hakusubiri hata mguu wake wa pili uguse ardhi. Akiwa bado ameshika mlango wa basi lililotoka Lubumbashi, na mkoba wake ukining'inia shingoni, alipaza sauti mbele ya abiria wote: “Véro! Ni weye?” Nami badala ya kumjibu kama mtu mzima mwenye wajukuu, nilitupa mikono juu nikamwimbia: “Ni weye, ni weye, ni weeeye!” Akadakia palepale, sauti ileile ya kukwaruza ambayo sikuwa nimeisikia tangu ujana wetu, na tukasimama katikati ya kituo cha mabasi cha Likasi, wanawake wawili wanene waliovaa vitenge, tukiimba kwa kelele kibwagizo cha wimbo wa roki ambao hakuna mtu mwingine pale aliyeujua. Binti yake, aliyekuja naye kuonyeshwa mji aliozaliwa mama yake, alifunika uso kwa viganja. “Mama, bantu banatuangalia,” akasema. “Baangalie,” Ngalula akamjibu, “hii wimbo njo iliniolesha.” Msichana akacheka akidhani ni mzaha kwamba wimbo unaweza kumwoza mtu. Haikuwa mzaha hata kidogo, na kwa kuwa mtoto wa watu hakuwahi kusimuliwa vizuri, na wangu nao huniuliza kwa nini mwanamke wa rika langu huongeza sauti ya redio gitaa linapoanza kulia, nimeamua kuuandika mwaka ule wote kama ulivyokuwa.

Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikaa kwa shangazi yangu, Tantine Philo, mtaa wa Panda, katika zile nyumba za matofali zilizopangwa kwa mistari karibu na viwanda. Shule ilikuwa imefungwa kwa sababu walimu walichoka kufundisha bila mshahara. Viwandani mabomba ya moshi yalikuwa yanazima moja baada ya jingine, na wanaume waliozoea king'ora cha asubuhi waliamka saa ileile bila kuitwa, wakakaa mbele ya nyumba zao wamevaa makoti ya kazi. Umeme, ambao sisi tunauita kuran, ulikuja ulipotaka. Mara nyingi uliibuka mchana, na ulipoibuka ungesikia kelele za watoto kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Mimi kelele ile sikuisubiri iishe. Nilitoka mbio, na unga wa bukari, ugali wetu, mikononi, nikaruka mfereji, nikaingia nyumba ya tatu bila kubisha hodi, kwa kuwa ndani ya nyumba ile kulikuwa na Ngalula, na juu ya kabati la sahani la mama yake kulikuwa na redio-kaseti iliyofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na ndani ya redio ile kulikuwa na wimbo.

Kaseti ililetwa na mjomba wake, dereva wa malori aliyekwenda na kurudi Zambia. Alikuwa amerekodi redio ya kule wakati akisubiri mpakani, juu ya kaseti ya zamani ya mahubiri, na wala hakukusudia kuurekodi wimbo wetu. Ulijiingiza mwenyewe mwishoni mwa upande wa pili. Mwanzo wake ulikuwa umefunikwa na mtangazaji, anayesema jina la wimbo na jina la bendi kwa haraka kabisa huku gitaa limeshaanza, kwa hiyo hatukuwahi kujua unaitwaje wala nani aliuimba. Na mwisho wake, sauti ya mwisho ya gitaa ikiwa bado hewani, mahubiri ya zamani yalirudi na mchungaji akapiga kelele, “Na sasa ndugu zangu, tusimame!” Tulizoea kusimama. Kila mara tulisimama tukicheka mpaka mama yake akatufukuza sebuleni.

Nataka niueleze vizuri, maana hapa kwetu tumelelewa na rumba, na rumba ni muziki wa watu wanaoelewana: magitaa mawili matatu yanaongea taratibu, moja linauliza, lingine linajibu, hakuna anayemkatiza mwenzake. Wimbo huu haukuwa hivyo. Ulianza na gitaa moja tu, noti moja moja, kama mtu anayetembea pole ndani ya nyumba ili asiamshe watu. Kisha akaingia mwimbaji, mwanamume mwenye koo lililokauka, akisema maneno yake kwa upole, karibu na sikio. Unamzoea. Unafikiri utakuwa wimbo wa kulalia. Ndipo ngoma zinapoanguka, zote kwa pamoja, kama mlango uliosukumwa na bega, na magitaa yanaunguruma nyuma yake, na yule aliyekuwa ananong'ona sasa anaita kwa nguvu zake zote, na bado ni mapenzi, bado ni maneno yaleyale matamu, ila anayasema kama mtu anayemwita mpenzi wake ng'ambo ya mto uliofurika. Baada ya hapo gitaa linaachwa peke yake, na linalia, sina neno lingine, linapanda, linakwama, linapinda sauti, linapanda tena. Na kabla ya kibwagizo cha mwisho kuna kimya. Kila kitu kinakatika. Mara ya kwanza tulidhani kaseti imekatika, Ngalula akanyoosha mkono kuifungua, na wakati huohuo wote wakarudi kwa kishindo hata akaruka nyuma na kukaa juu ya sahani. Tantine Philo, alipousikia kwa mara ya kwanza kutoka uani, aliuliza, “Ule muntu, banamupiga?” Nikamwambia hapana, tantine, anapenda mwanamke. “Basi amupende polepole,” akasema.

Ulikuwa wa Kiingereza, na sisi tulisoma Kifaransa. Lakini kibwagizo tulikielewa, tuliapa tunakielewa, kwa kuwa mwimbaji alikuwa anasema kwa Kiswahili chetu kabisa: ni weye, ni weye. Tulibishana jinsi mzungu au Mzambia yule alivyojifunza Kiswahili cha Katanga. Ngalula alidai labda alifanya kazi Kolwezi. Mwishowe tukampelekea kaseti mwalimu wetu wa Kiingereza, ambaye siku zile alikuwa anauza mikate sokoni. Alibandika sikio kwenye redio, akafumba macho, akasikiliza mara mbili. “Hapana,” akasema, “hasemi ni weye. Anasema any way, kwa njia yoyote. Kama ni kwa miguu, kama ni mvuani, kwa njia yoyote atamfikia.” Mimi nilinyong'onyea. Ngalula alisimama pale katikati ya mikate akawaza, kisha uso wake ukafunguka kama dirisha. “Ni sawasawa,” akasema. “Ni maneno moja. Kama ni weye, basi ni kwa njia yoyote.” Tukaendelea kuimba kivyetu.

Yeye alikuwa na sababu ya kuwaza hivyo. Alinizidi miaka mitatu na alikuwa na mchumba, Donat, fundi umeme wa kiwandani, kijana mrefu mwenye mikono iliyotulia. Mimi nilimwita yaya Donat, yaani kaka. Alikuja jioni kutengeneza redio ambayo haikuwa imeharibika. Alikaa kwenye kiti cha velveti ya kijani, magoti yamefika kifuani, akaifungua redio akaifunga, huku baba yake Ngalula, Papa Kabeya, akimwangalia juu ya miwani. Mama yake Ngalula aliwapa watu wote bukari na sombe, majani ya muhogo, isiyo na mafuta, akaomba radhi kwa mafuta kila mara kana kwamba nchi nzima haikuwa vilevile. Kisha wanaume wakatoka barazani na sisi tukabaki kukusanya sahani, na kupitia wavu wa dirisha tulisikia maneno ambayo yalianza kuja kila jioni. “Banasema sisi si bantu ya huku,” ilikuwa sauti ya Papa Kabeya, ambaye wazazi wake walikuja Katanga kutoka mkoa wa Kasai. “Minye nilizaliwa hapa Panda. Mama yangu alizikwa hapa. Kasai nilienda mara moja tu, na mvua ilininyeshea.” Donat alijibu kitu kwa sauti ya chini. Ngalula aliweka sahani chini taratibu, akasikiliza, akaichukua tena.

Kati ya sisi wawili, yeye aliupenda wimbo kwa sababu ya mwimbaji. Mimi niliupenda kwa sababu ya gitaa lile, na mapenzi yangu yalikuwa mabaya zaidi, yalinifuata hadi kwenye foleni ya maji. Vidole vyangu vilijisogeza vyenyewe kwenye mpini wa ndoo. Siku moja nikaingia kwenye baa ya Vieux Sylvestre. Mzee huyu alikuwa kiongozi wa okestra iliyochezesha Likasi nzima enzi za mishahara. Sasa baa yake haikuwa na bia wala wateja, na vyombo vyake vililala kwenye jukwaa chini ya shuka kama wagonjwa. Nikamwambia nataka kujifunza gitaa la umeme. Aliniangalia kuanzia kandambili hadi kichwani. “Mutoto mwanamuke? Vidole vyako vitaumia.” “Viumie,” nikasema. Hakuwa na kazi nyingine ya kufanya mchana ule. Akafunua shuka.

Alinifundisha kwa gitaa lisilounganishwa popote, sauti yake nyembamba kama mbu, na vidole viliuma kweli, ngozi ikapasuka, ikapona, ikawa ngumu, na mimi nikaionyesha kwa Ngalula kama mwingine angeonyesha pete. Nilipomletea kaseti, Vieux Sylvestre alisikiliza akakunja uso. “Huyu hapigi guitare,” akasema, “anagombana nayo.” Akanionyesha kaseti kwa kidole. “Rudisha.” Nikarudisha kwa penseli, kuokoa betri. Alisikiliza pale gitaa linapolia, midomo yake ikitembea. “Ah bon. Anasukuma kamba. Angalia, anaipata hapa, njo anaipandisha juu na kidole, haiachie mpaka ilie.” Akajaribu, na kwa mara ya kwanza niliisikia sauti ile ikitoka kwenye mkono wa mtu ninayemjua, mbele ya macho yangu, katika baa yenye harufu ya vumbi na mafuta ya taa. Nilipiga kelele. Naye mzee alitabasamu kwa aibu kama kijana aliyekamatwa akibusu. Kutoka siku ile, hadi jua la Septemba lilipoanza kuchoma na mijakaranda ikachanua zambarau barabara nzima ya kwenda katikati ya mji, sikufanya kitu kingine. Nilikuwa na njaa kama watu wote. Niliogopa kama watu wote. Lakini nikifikiria mwaka ule, kinachonijia kwanza ni furaha, ile furaha ya noti iliyokataa jana na leo imekubali.

Halafu vijana wakaanza kupita mitaani wakitaja nyumba za watu wa Kasai, wakidai warudi kwao. Sitaeleza yote, waliokuwepo wanayajua. Asubuhi moja nilikuta viti vya velveti viko nje, kwenye vumbi, vikiwa vimepangwa vilevile kama sebuleni, na majirani wamesimama wakiangalia chini. Familia ya Kabeya ilikuwa inafunga mizigo kwenda stesheni, kungoja treni ya Kasai. Mama alifunga sufuria ndani ya mashuka. Papa Kabeya alikuwa amevaa koti na tai, kwa kuwa alisema hatoki nyumbani kwake kama mwizi. Ngalula alinitia kaseti mkononi. “Kaa nayo. Kule ku gare itaharibika.” Hakulia. Mimi nililia, na Tantine Philo akanivuta nywele kidogo akasema, “Acha. Beba godoro.” Tukabeba godoro, mimi mbele na tantine nyuma, mpaka stesheni, mbele ya vijana wale, na tantine aliwasalimu mmoja mmoja kwa jina la mama yake.

Stesheni ulikuwa mji mwingine. Watu walijaa kwenye jukwaa na kando ya reli, kila familia na mipaka yake ya masanduku na hema la plastiki, mbabula za mkaa zikiwaka kati ya mataruma, kinyozi amening'iniza kioo chake kwenye nguzo ya taa. Walingoja treni, na treni hazikuwa na siku. Wengine walingoja wiki, wengine zaidi. Wagonjwa walikuwa wengi. Kila adhuhuri nilikwenda na bukari ya tantine ndani ya bakuli lililofungwa kitambaa, nikakaa juu ya godoro nikamwonyesha Ngalula kwa vidole, juu ya mkono wake, mahali nilipofika kwenye wimbo.

Ni mchana mmoja kama huo Donat alipokuja, amenyoa, shati limepigwa pasi. Alisimama mbele ya Papa Kabeya aliyekaa juu ya sanduku. Watu wa mahema ya jirani waliacha walichokuwa wanafanya.

“Papa,” akasema, “nataka kuoa Ngalula mbele treni ifike.”

Papa Kabeya aliliangalia shati lile la pasi. “Bantu ya kwenu banatufukuza, na weye unakuya kuniomba mutoto?”

“Ndiyo, papa.”

“Utamubakisha hapa, bamuue?”

“Hapana, papa. Kama munaenda, minye pia naenda.”

“Weye? Ku Kasai? Haujue hata Kiluba cha kwetu.”

“Nitajifunza mu treni.”

Mtu alicheka, kisha mwingine, na kicheko kikapita kwenye jukwaa lote. Mama yake Ngalula aliweka mkono mdomoni. Mama yake Donat, nilijua, alikuwa amelala kitandani Panda akiomboleza kama mwanawe amekufa, na alikuwa amemuuliza atakwenda kufanya nini kule, naye alikuwa amejibu, “Kuishi na Ngalula, bibi yangu, mama, basi.” Papa Kabeya alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai. Alipozungumza tena sauti ilikuwa nyingine. “Bon. Unisikilize muzuri. Mutoto yangu ya kwanza hataolewa mu kimya, sawa vile tunazika muntu. Padri, muzuri. Lakini nataka na muziki. Muziki ya nguvu. Bale benye kutufukuza basikie tuko tunacheza. Kama hakuna muziki, hakuna mariage.”

Donat alizunguka okestra zote za mji. Hakuna iliyokubali. Waliogopa vyombo vyao kuvunjwa, na si vyombo tu. Padri alikubali mara moja, alikuwa anasomea misa palepale kila Jumapili. Lakini treni ilikuwa imesikika kwamba imeondoka kusini, na Papa Kabeya hakubadili neno. Nilimkuta Vieux Sylvestre amekaa kwenye jukwaa la baa yake, gizani mchana kweupe. “Batabomoa baffle yangu,” alisema, mkono juu ya spika yake kubwa, kabla sijafungua mdomo. “Minye niko muzee, Véro. Nikipoteza hii, niko nani?” Nikamwambia, “Unipe tu guitare na ampli. Nitaenda minye.” “Kupiga nini? Unajua wimbo moja.” “Moja inatosha,” nikasema. Sijui nilitoa wapi ujasiri ule. Nadhani wimbo wenyewe ulinipa, maana mtu hawezi kusikiliza kelele kama ile mwaka mzima akabaki mwenye sauti ndogo. Mzee akainamisha kichwa. Kisha akaanza kukunja waya.

Mzee Ramazani, mfanyabiashara wa mafuta ya kupikia ambaye familia yake ilitoka Maniema, alitoa pikapu yake na, kilichokuwa muhimu zaidi, betri yake. Aliisogeza pikapu mpaka ukingoni mwa jukwaa, akazima injini, akasema, “Mimi hizi nyimbo zenu sizijui, lakini harusi ni harusi.” Ilikuwa alasiri, joto la kupasua kichwa, mawingu ya kwanza ya mvua yamekaa mbali. Padri aliwafungisha ndoa mbele ya mabehewa matupu ya mizigo. Ngalula alivaa gauni jeupe la kipaimara la mtu mwingine, lililofunguliwa mgongoni na kufunikwa kitenge cha mama. Na mara tu padri aliposema amina, bwana harusi akapiga magoti chini, koti na yote, akaanza kuunganisha nyaya za betri.

Niliwaona vijana wakati huo. Walikuwa wamesimama kwenye lango, kundi zima, na fimbo. Akina mama wakavuta watoto wao karibu. Donat aliinua macho akaniambia, “Piga, Véro,” nami nikapiga ile noti ya kwanza ya pole, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliisikia ikitoka kwa nguvu ya umeme, nzito, ya kweli, ikaenda ikagonga ukuta wa stesheni ikanirudia kifuani. Mungu wangu! Mwaka mzima nilikuwa nimepiga mbu, na sasa nilishika radi. Ngalula akasimama kando yangu akaanza kuimba Kiingereza chetu, ambacho hakikuwa Kiingereza, kwa sauti ya karibu na sikio, akimwangalia mume wake aliyekuwa bado chini na nyaya. Nilijua pale ngoma zinapoanguka sitakuwa na ngoma. Nilijiandaa kwa aibu hiyo. Ikafika, na ngoma zikaanguka! Nikageuka. Vieux Sylvestre, ambaye alisema haji, alikuwa amejitokeza na vijiti vyake viwili vya ngoma na alikuwa anapiga sanduku la chuma la Papa Kabeya kana kwamba analipizia kisasi. “Nilikuya kuangalia ampli yangu!” akanipigia kelele.

Basi watu wakasimama. Si wote mara moja. Kwanza mama yake Ngalula, aliyekuwa ameusikia wimbo ule kupitia mlango wa jikoni mpaka akauchukia, akaanza kupiga makofi. Kisha kinyozi. Kisha watoto, na wanawake waliokuwa na watoto mgongoni, na hawakujua namna ya kucheza kitu kile kwa hiyo kila mtu alicheza alivyoweza, wengine kama kwao Kasai, wa mabega na kifua, na majirani wa Panda waliokuja na Tantine Philo walicheza yao, na vumbi likapanda. Kwenye “ni weye” walishika kibwagizo wote, hakuna aliyehitaji kufundishwa, kila mmoja akamwonyesha kidole mtu wake. Nikaingia pale gitaa linapolia. Nilisukuma uzi. Ulipanda, ulikwama, nikauzuia, ukalia. Niliisikia sauti yangu mwenyewe ikipiga yowe juu ya gitaa na sikujali.

Na katikati ya yowe lile, sauti ikakatika. Ampli ilikufa. Mikono yangu iliendelea, na nyuzi zikatoa mlio wao mwembamba wa mbu. Nilimwona Donat amelala kifudifudi chini ya pikapu. Nikaangalia lango. Nikaangalia watu. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeguna. Walikuwa wamesimama na mikono juu, wanangoja, na nikaelewa kwamba hawakujua. Hawakuwa wameusikia wimbo kabla ya siku ile, basi walidhani ndivyo ulivyo. Ngalula naye alielewa. Alibaki amefumba macho, kinywa wazi kidogo, kama yule mwimbaji wetu kwenye kile kimya chake. Kisha nikasikia mlipuko mdogo, cheche za buluu kati ya vidole vya bwana harusi, sauti yake ikisema “Twende!”, na gitaa, sanduku na watu wote tukarudi kwa pamoja, kwa kishindo hata paa la bati likatetemeka. Tuliimba kibwagizo kile mara nyingi kuliko kaseti. Na ulipoisha, Ngalula, akihema, jasho likimtiririka, akaita kwa sauti ya mchungaji wetu: “Na sasa ndugu zangu, tusimame!” Watu mia wakacheka bila kujua kwa nini, wakiwa wameshasimama.

Sisemi kwamba wimbo uliwabadilisha wale wa langoni. Siku ile waliondoka, mmoja wao akitikisa kichwa kwa mapigo, nilimwona; siku nyingine wengine wao walirudi wakafanya mabaya. Muziki haukumrudisha mtu yeyote nyumbani kwake. Lakini Papa Kabeya alicheza na mkwe wake, koti na tai, mpaka miwani ikaanguka, na kwa alasiri moja stesheni ya Likasi haikuwa mahali pa watu waliofukuzwa. Ilikuwa harusi. Leo vijana wangu wanasema nikiuimba wimbo mbele ya simu, simu itautambua na kunipa jina lake. Nimekataa. Nikiupata, nitamkuta mwanamume fulani wa mbali mwenye nywele ndefu, na huyo hana habari nasi. Ngalula anasema vivyo hivyo. Donat, ambaye mgongo haumruhusu tena safari ndefu, alituma neno kupitia kwake kwamba Kiluba alikijua kabla ya kufika Mwene-Ditu, huko Kasai, na kwamba yule anayesema alichukua miaka miwili ni mwongo.

Treni ilikuja siku chache baada ya harusi, asubuhi, imeshajaa hadi juu ya mapaa. Walipandishwa kwenye behewa la mizigo. Ngalula alikaa mlangoni, miguu nje, Donat amemshika kiunoni, na tuliongea mambo ya kijinga, kuhusu sufuria iliyosahauliwa, kuhusu viatu vyangu, mpaka behewa lilipojongea chini yake katikati ya neno. Nilitembea sambamba nalo mpaka mwisho wa jukwaa. Mvua ya kwanza ya mwaka ilianguka mchana uleule, nami nikaenda kwa Vieux Sylvestre kumrudishia gitaa, nimelifunika kwa blauzi yangu mwenyewe. Hakulipokea. Alikuwa anafagia jukwaa, na shuka zote zilikuwa zimeondolewa juu ya vyombo. “Kaa nayo,” alisema bila kuinua kichwa. “Dimanche tuko na mariage ku Kikula. Tutaanza saa nane. Usichelewe, minye sipendi muanamuziki mwenye kuchelewa.” Jumapili ile nilifika kabla ya wote. Nilikaa mbele ya mlango uliokuwa bado umefungwa, gitaa magotini, nina huzuni na nina furaha, na sikuwa na haja ya kujua ni ipi kati ya hizo ingepiga noti ya kwanza.